Michigan 2021: Kocha aliyekatwa nusu ya mshahara

Tarehe 8 Januari 2021 Chuo Kikuu cha Michigan kilitangaza kuwa Jim Harbaugh, kocha mkuu wa timu yake ya futiboli ya Kimarekani, ameongezewa mkataba hadi 2025. Kwa kawaida habari kama hiyo humhusu kocha aliyefanya vizuri. Safari hii mambo yalikuwa kinyume. Harbaugh alikuwa ametoka kwenye msimu wa ushindi 2 na vipigo 4, na ndani ya mkataba huo mpya mshahara wake, uliokuwa umepita dola milioni 8 kwa mwaka, ulishushwa hadi milioni 4. Kinachozidi hapo angekitolea jasho: nusu milioni akiongoza kanda ya Mashariki ya ligi ya Big Ten, milioni 1 akitwaa ligi yenyewe, nusu milioni akiingia kwenye timu nne za mchujo wa taifa, na milioni 1 akiwa bingwa wa taifa. Kumtimua nako kulifanywa rahisi. Fidia ilianzia dola milioni 4 na ingepungua kwa milioni moja kila mwaka.

Mashabiki wengi waliusoma mkataba ule kama barua ya kufukuzwa iliyoandikwa kwa heshima. Kabla mwaka haujaisha, timu ileile ilikuwa bingwa wa Big Ten. Tangu hapo imezoeleka kusemwa kwamba kukatwa mshahara ndiko kulikomwamsha kocha. Siamini. Nikiipitia miezi minane kati ya Januari na Septemba naona jambo jingine kabisa: presha ilizaa matunda kwa sababu ilimlazimisha Harbaugh abomoe benchi lake la ufundi na akubali, kwa vitendo, mahali hasa palipokuwa pamevuja.

Kwanza tuelewane kuhusu uzito wa kazi yenyewe. Michigan ndiyo timu ya chuo yenye ushindi mwingi kuliko zote katika historia ya mchezo huo. Uwanja wake pale Ann Arbor una viti 107,601. Msimu wa kawaida una mechi 12 tu, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba, na hakuna mzunguko wa pili. Mtani wa jadi, Ohio State, unakutana naye mara moja kwa mwaka, kwa desturi Jumamosi ya mwisho wa Novemba. Ukifungwa, unalibeba jambo hilo mwaka mzima, sokoni, kanisani na kwenye vikao vya familia. Hadi kufikia Januari 2021 Michigan haikuwa imetwaa taji la Big Ten tangu 2004, tena lile la kugawana na Iowa. Ushindi wa mwisho dhidi ya Ohio State ulikuwa wa 2011.

Harbaugh ni mtoto wa nyumbani. Baba yake, Jack, aliwahi kuwa kocha msaidizi hapo hapo Michigan. Yeye mwenyewe alicheza nafasi ya kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira kwanza na kuamua pasi, chini ya kocha Bo Schembechler. Novemba 1986 aliahidi hadharani kwamba wataifunga Ohio State kwao Columbus, na wakaifunga 26-24. Aliporudi mwisho wa 2014 alikuwa ametoka kuinoa San Francisco 49ers, timu ya ligi ya kulipwa, NFL, aliyoifikisha fainali ya Super Bowl na kufungwa na Baltimore Ravens ya kaka yake, John. Watu walimpokea kama mkombozi. Nadhani hapo ndipo presha ilipoanzia, maana kocha mgeni hupewa muda, lakini mwana wa nyumbani hupewa matumaini, na matumaini hayana subira.

Rekodi yake kwa jumla haikuwa mbaya hata kidogo. Misimu mitatu kati ya minne ya kwanza alishinda mechi 10. Kwa vyuo vingi hiyo ingemtosha kocha kulala usingizi. Tatizo lilikuwa mechi ile moja. Mwaka 2015 alifungwa na Ohio State 42-13 nyumbani. Mwaka 2016 akafungwa 30-27 baada ya muda wa nyongeza mara mbili, kwa uamuzi wa mwamuzi mwishoni ambao mashabiki wa Michigan wanaulalamikia hadi leo. Mwaka 2017, 31-20. Halafu yakaja yale mawili yaliyowavunja watu moyo.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mzizi wa mambo ya 2021 uko hapa. Novemba 2018 Michigan ilikwenda Columbus ikiwa imeshinda mechi 10 mfululizo, ya nne kwa ubora nchini, ikiwa na safu ya ulinzi iliyosifiwa kuliko zote. Kocha wa ulinzi, Don Brown, aliamini katika kukaba mtu kwa mtu: kila beki ana mtu wake, anamfuata popote aendapo, huku wenzake wakimshambulia kwotabeki. Mtindo huo ulikuwa umewamaliza wapinzani dhaifu. Ohio State wakaja na dawa yake. Wapokeaji wao wawili walikimbia kwa kukatizana katikati ya uwanja, mmoja kutoka kulia na mwingine kutoka kushoto. Beki anayemfuata wa kwanza anajikuta njia imezibwa na wa pili, anachelewa hatua mbili, na kwa mpokeaji mwenye mbio hatua mbili zinatosha. Kwotabeki Dwayne Haskins alitupa pasi sita za tachidauni, yaani za kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani, siku ile, na matokeo yakawa 62-39. Mwaka uliofuata Michigan ilirudi na kocha yuleyule wa ulinzi na imani ileile, ikafungwa 56-27.

Kufungwa mara moja kwa mbinu fulani ni jambo la mchezo. Kufungwa mara ya pili ukiwa na falsafa ileile ni kosa la uongozi, na kosa hilo lilikuwa la Harbaugh. Lawama zote zilimwangukia Brown, lakini bosi alikuwa na mwaka mzima wa kulitazama tatizo na hakuligusa.

Kisha ukaja 2020, mwaka wa korona. Big Ten ilichelewa kuanza, viwanja vilikuwa vitupu, wachezaji walikuwa wakipimwa kila siku. Michigan ilianza kwa kuifunga Minnesota 49-24, halafu ikapoteza nyumbani kwa Michigan State, timu iliyokuwa imetoka kufungwa na Rutgers. Ikafungwa na Indiana kwa mara ya kwanza tangu 1987. Wisconsin ikaja Ann Arbor ikashinda 49-11. Mechi ya mwisho, tarehe 28 Novemba, Penn State iliingia bila ushindi hata mmoja katika mechi tano, ikaondoka na 27-17. Msimu mzima Michigan haikushinda nyumbani. Mechi tatu zilizobaki, ikiwemo ya Ohio State, zilifutwa kwa sababu ya maambukizi.

Warde Manuel, mkurugenzi wa michezo na mchezaji wa zamani wa Michigan, alikuwa na mkataba wa kocha uliobakiza mwaka mmoja. Katika futiboli ya vyuo hiyo ni hatari ya pekee. Wachezaji husajiliwa wakiwa bado sekondari, na swali la kwanza la mzazi sebuleni ni kama kocha huyu atakuwepo mwanangu akifika mwaka wa tatu. Kocha mwenye mwaka mmoja hana jibu. Kwa hiyo Manuel hangeweza kukaa kimya. Kumtimua kungemaanisha kutafuta kocha katikati ya janga, huku idara ya michezo ikiwa imepoteza mapato ya viingilio na wafanyakazi wake wakiwa wamekatwa mishahara. Kumwongezea kwa masharti ya zamani kungekuwa tusi kwa mashabiki. Akachagua njia ya tatu, ile ya mkataba mrefu wenye mshahara mfupi. Ilimpa kocha kitu cha kuwaambia wazazi na ikampa chuo mlango wa kutokea. Naiona kama kazi nzuri ya utawala, ingawa wakati ule ilichekwa kila upande.

Lakini mkataba haukabi mtu uwanjani. Cha kutazama ni kilichofuata.

Brown alikuwa ameshaondolewa Desemba. Nafasi yake alipewa Mike Macdonald, kijana wa miaka 33 kutoka Baltimore Ravens kwa John Harbaugh, ambaye hakuwa amewahi kuongoza ulinzi wa timu yoyote ya ngazi hiyo. Kwa kocha aliyewekwa kitanzini, kumkabidhi mgeni wa umri huo nusu ya timu kulionekana wazimu. Ila Macdonald alileta hasa kitu kilichokosekana. Ulinzi wake unaficha nia. Mabeki wanasimama kana kwamba watakaba mtu kwa mtu, mpira ukianza wanarudi kulinda maeneo, na mara nyingine wanafanya kinyume chake. Kwotabeki aliyezoea kusoma picha moja kabla ya mchezo kuanza analazimika kusoma ya pili akiwa na mpira mkononi na watu wanamjia. Zile mbio za kukatizana hazina thamani kubwa kama beki anasubiri mahali badala ya kumfukuza mtu.

Sherrone Moore alihamishwa kutoka kufundisha wapokeaji wa pembeni mwa safu hadi kufundisha safu yenyewe, ule ukuta wa watu watano unaomlinda kwotabeki na kumfungulia njia mkimbiaji. Mike Hart, mkimbiaji mwenye yadi nyingi kuliko wote katika historia ya Michigan, aliitwa kutoka Indiana aje awanoe wakimbiaji. Ron Bellamy, mchezaji mwingine wa zamani, alichukuliwa moja kwa moja kutoka kufundisha sekondari ya jirani. Karibu benchi zima lilikuwa jipya au limehamishwa viti, na lilikuwa la vijana. Josh Gattis alibaki kuongoza mashambulizi, naye alikuwa kwenye joto lake mwenyewe.

Kwa wachezaji, hesabu ilikuwa ya mashaka. Joe Milton, kwotabeki aliyeanza 2020, alihamia Tennessee. Zach Charbonnet, mkimbiaji mwenye kipaji, alikwenda UCLA. Kwity Paye, mlinzi aliyezaliwa kambi ya wakimbizi nchini Guinea katika familia ya Kiliberia, aliingia NFL. Aliyebaki kwenye nafasi ya kwotabeki ni Cade McNamara, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa usiku mmoja dhidi ya Rutgers, alipoingia timu ikiwa nyuma 17-0 na kuipa ushindi wa 48-42 baada ya nyongeza tatu. Nyuma yake alikuwa J.J. McCarthy, mgeni kutoka sekondari ambaye mashabiki walimtaka acheze kabla hajavaa jezi.

Habari moja haikupewa uzito iliostahili. Aidan Hutchinson, mlinzi wa pembeni, alivunjika kifundo cha mguu 2020 na angeweza kwenda NFL. Akaamua kurudi. Baba yake, Chris, aliwahi kuwa nahodha wa Michigan, na kijana alisema wazi kuwa hakutaka kuondoka bila kuwafunga Ohio State. Watabiri walimhesabu kama mchezaji mmoja mzuri. Hawakuhesabu kwamba mtu wa aina hiyo, akirudi kwa hiari kwenye timu iliyoshinda mechi mbili, anabadilisha hewa ya chumba cha kubadilishia nguo.

Kuna zoezi lililoanza mwaka ule mazoezini, likaitwa kwa jina la wazi: Beat Ohio, yaani wafungeni Ohio. Washambuliaji tisa dhidi ya walinzi saba, hakuna pasi. Kila mtu anajua mpira utakimbizwa, na kazi ni kuona nani atamsukuma mwenzake nyuma. Linaumiza, na halina ujanja wowote ndani yake. Kwenye chumba cha mazoezi ya viungo palibandikwa swali la kila siku kuhusu unafanya nini leo ili kuwafunga Ohio State. Miaka ya nyuma Harbaugh alipendelea kusema kwamba kila mechi ni sawa. Sasa aliacha kujifanya. Julai, kwenye mkutano wa waandishi wa Big Ten pale Indianapolis, alisema wanataka kuwafunga watani na kutwaa ubingwa, na watafanya hivyo au wafe wakijaribu. Wengi walicheka. Mimi naona huo ndio wakati ambapo kocha na mashabiki wake walianza tena kuzungumza lugha moja.

Utabiri wa waandishi wa ligi uliiweka Michigan nafasi ya nne kanda ya Mashariki, nyuma ya Ohio State, Penn State na Indiana. Katika orodha ya kitaifa ya timu 25 bora ya shirika la habari la AP, haikuwemo kabisa. Siwalaumu sana. Waliangalia kilichoonekana: vipigo vinne, kwotabeki asiyejulikana, kocha wa ulinzi asiyejulikana, na safari za Wisconsin, Nebraska, Michigan State na Penn State. Michigan haikuwa imeshinda uwanja wa Wisconsin tangu 2001. Lakini utabiri ule ulibeba mechi sita za mwaka wa korona kana kwamba ni kipimo kamili. Nguzo zote mbili za pembeni za ukuta wa mbele, Ryan Hayes na Jalen Mayfield, zilikuwa zimeumia mwaka ule. Na ratiba ilianza na mechi nne mfululizo nyumbani, nafasi adimu kwa benchi jipya kujifunza likiwa na umati nyuma yake.

Mechi ya pili, usiku, dhidi ya Washington, ilionyesha kila kitu kwa mtu aliyetaka kuona. Michigan ilikimbiza mpira mara 56 kwa yadi 343 na kushinda 31-10. Hata baadhi ya mashabiki walinung'unika kwamba pasi hazipo. Lakini timu ilikuwa imeshajitambua: ingewasukuma watu, kama walivyosukumana wao kwa wao kwenye lile zoezi. Oktoba 2 ikashinda Wisconsin 38-17. Ikaponea chupuchupu Nebraska 32-29. Oktoba 30 ikapoteza kwa Michigan State 37-33, ikiwa imeongoza kwa pointi 16, na kelele za kumtimua kocha zikarudi siku hiyohiyo. Sidhani Harbaugh wa 2019 angelivuka pigo lile. Timu yake ya 2021 ilikwenda Penn State na kushinda 21-17.

Tarehe 27 Novemba, theluji ikianguka Ann Arbor, Michigan 42, Ohio State 27. Hassan Haskins, asiye na undugu wowote na yule kwotabeki wa 2018, alikimbia yadi 169 na kufunga tachidauni tano. Timu nzima ilikimbia yadi 297. Hutchinson alimwangusha kwotabeki C.J. Stroud mara tatu na kufikisha 13 kwa msimu, rekodi ya chuo. Upande wa pili wake alikuwa David Ojabo, Mnigeria aliyekulia Aberdeen, Scotland, ambaye mwaka uliotangulia karibu hakucheza kabisa. Ulinzi wa Macdonald haukumzuia Stroud kupata yadi nyingi, ila ulimnyima njia rahisi kila alipokaribia lango. Wiki moja baadaye Iowa ilifungwa 42-3 kwenye fainali ya ligi. Mchujo wa taifa uliishia kwa Georgia, 34-11, na siku hiyo Michigan ilizidiwa kila idara.

Marupurupu yote aliyopata kwa mafanikio hayo Harbaugh alisema yaende kwa wafanyakazi wa idara waliokatwa mishahara wakati wa janga. Ndiyo maana hoja ya kwamba alikimbizwa na pesa hainiingii akilini.

Kisa hiki kina doa, na mwandishi yeyote anayeliruka anawadanganya wasomaji. Oktoba 2023 uchunguzi ulianza kuhusu mfanyakazi wa Michigan aliyetuma watu kurekodi ishara za makocha wa timu pinzani, kinyume cha kanuni. Novemba hiyo Big Ten ilimfungia Harbaugh mechi tatu. Agosti 2025 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilitoa uamuzi uliogusa misimu ya 2021 hadi 2023: faini ya mamilioni ya dola kwa chuo na adhabu ya miaka 10 kwa Harbaugh, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia Los Angeles Chargers baada ya kutwaa ubingwa wa taifa wa 2023. Yeye amekana kushiriki au kujua. Mtu anaweza kusema kwamba kujua ishara hakumsaidii mkimbiaji kumpita mlinzi aliyesukumwa yadi tatu nyuma, na mimi nakubali kwa kiasi kikubwa. Bado ushindi uliopatikana katika misimu hiyo hauwezi kupimwa tena kwa mizani safi, na waliofanya kazi kwa haki ndani ya timu ile ndio walioumizwa zaidi.

Februari 2022 Harbaugh alikwenda kufanya usaili Minnesota Vikings ya NFL, akarudi, na Manuel akampa mkataba mpya hadi 2026, mshahara ukipanda tena juu ya dola milioni 7. Macdonald alirudi Baltimore, Gattis akaenda Miami. Ulinzi ulikabidhiwa Jesse Minter, naye zao la benchi la Ravens, na Moore akapewa sehemu kubwa ya mashambulizi. Michigan ilimaliza mechi 12 za 2022 bila kipigo, na ya mwisho ilikuwa 45-23 pale Columbus, ambako haikuwa imeshinda tangu 2000.